Vyama vya kina mama viachwe vijisimamie

Mhariri,

Kadiri uchaguzi mkuu wa 2027 unavyokaribia, vikundi vya kina mama katika mitaa ya Nairobi vimeanza tena kupata wageni ambao havikuwaona tangu kura zilizopita zihesabiwe. Wapo wanaokuja na bahasha, wapo wanaoahidi matangi ya maji, mahema na viti vya plastiki vya kukodisha kwenye sherehe, na karibu wote huomba jambo moja kabla ya kuondoka: orodha ya wanachama pamoja na nambari zao za vitambulisho na za simu. Nikiwa katibu wa kikundi kimoja cha wanawake mtaani Kayole, naandika barua hii kuwasihi wanasiasa, maafisa wa hazina za serikali na kampuni za mikopo wavielewe vyama hivi vya akiba na mikopo kabla ya kuvisaidia, kwa kuwa nimeona msaada wa haraka ukivunja vyama ambavyo ufukara wenyewe haukuweza kuvivunja.

Wengi wanaovisifu vyama hawajawahi kuketi katika mkutano wa chama. Sisi hukutana Jumapili alasiri katika nyumba ya mwanachama ambaye zamu yake imefika, tukiwa tumezunguka meza moja. Kila mmoja huitwa kwa jina, huweka pesa yake mezani mbele ya wenzake na kutaja kwa sauti kila kiasi ni cha nini, kama ni hisa, yaani akiba yake ya wiki, marejesho ya mkopo, riba au faini ya kuchelewa. Mweka hazina huhesabu, aliyeketi kando yake huhesabu mara ya pili, nami huandika baada ya wote wawili kukubaliana. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanawake watatu ambao hakuna hata mmoja anayelala nyumba moja na sanduku lenyewe. Kabla hatujaagana, karibu pesa zote huwa zimeshakopeshwa kwa wanachama, hivi kwamba mwizi atakayelivunja sanduku usiku atakuta daftari na sarafu chache.

Hesabu ya mpango huu ni nyepesi, ila wageni wetu huipuuza. Wanawake 25 wakiweka shilingi 200 kila mmoja kwa wiki, kila mkutano unakusanya shilingi 5,000, na katika wiki 52 wamekusanya shilingi 260,000 bila kuhesabu riba wala faini. Sasa linganisha na mkopo wa shilingi 100,000 unaokabidhiwa kikundi kama hicho mbele ya kamera, kwa hundi kubwa ya karatasi ngumu. Ukigawanywa sawa, kila mwanamke anapata shilingi 4,000, kiasi ambacho angeweza kukipata kwa wenzake siku yoyote ya mkutano bila kujaza fomu. Wapo wanaotulaumu kwamba riba ya vyama iko juu kuliko ya benki, na ni kweli katika vyama vingi iko juu. Lakini riba hiyo haiendi mbali na meza ile. Mwisho wa mwaka inagawanywa kwa wanachama wale wale kulingana na hisa za kila mmoja, na mama aliyekopa mara nyingi akarejesha kwa wakati huiona sehemu ya riba yake ikirudi mikononi mwake mwezi wa Desemba, wakati karo na sare za shule za Januari zinapomkosesha usingizi.

Jambo lenye thamani zaidi kuliko pesa hizo hutokea pale mwanamke anaposimama kuomba mkopo. Nitatoa mfano mmoja. Mwenzetu anayeuza samaki wa kukaanga aliomba shilingi 30,000 anunue friji ya kuhifadhia samaki wanaobaki. Hakuna aliyemkatalia. Jirani yake alimuuliza tu ni nani anayenunua tokeni za umeme katika ploti yao ya nyumba za kupanga, na umeme hupotea mara ngapi kwa wiki. Mwingine akataka kujua samaki wanaobaki jioni ni wangapi. Alipokuwa akijibu, alitambua mwenyewe, tena mbele yetu sote, kwamba samaki wake huisha kabla ya saa mbili usiku na kwamba wateja wengine huondoka mikono mitupu. Shida yake haikuwa mahali pa kuhifadhi samaki, ilikuwa ni mtaji wa kununua samaki wengi zaidi alfajiri kule soko la Gikomba. Akabadilisha ombi lake, akachukua shilingi 8,000. Afisa wa benki, hata awe na nia njema namna gani, hangeweza kumuuliza maswali yale, kwa sababu haijui ploti ile wala hajawahi kufika kwenye kibanda chake saa mbili usiku.

Katika mazungumzo ya namna hiyo ndimo mwanamke anapopata nguvu. Mwanamke ambaye nyumbani kwake hajawahi kuulizwa maoni juu ya matumizi ya pesa hutakiwa hapa aeleze mpango wake, autetee, akubali kukosolewa na wenzake, kisha atie sahihi kwenye ukurasa utakaosomwa kwa sauti mkutano ujao. Nimeona wanawake waliojiunga wakiwa wanaongea huku wamejifunika mdomo kwa leso, na ambao leo husimama katika mikutano ya wazazi shuleni na kuuliza pesa za ukarabati wa vyoo zilikwenda wapi. Hakuna semina ya siku moja hotelini inayoweza kumfikisha mtu hapo. Kinachomfikisha ni mazoea ya Jumapili baada ya Jumapili, miaka nenda miaka rudi, ya kudai hesabu na kutoa hesabu.

Tukumbuke pia kwa nini vyama vilihitajika tangu mwanzo. Benki iliyokuwa ikitoa mkopo iliuliza hati ya kumiliki ardhi, na katika familia nyingi za nchi hii hati hiyo imeandikwa jina la mume, la baba mkwe au la marehemu babu. Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi uondolewe, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango wa mke katika mali ya familia, hata ule usio wa pesa kama vile kulea watoto na kutunza nyumba. Sheria hizo ni nzuri, nasi tunazisomeana mikutanoni. Hata hivyo, kati ya kilichoandikwa katika sheria na jina lililoandikwa kwenye hati kuna safari ndefu, na wakati safari hiyo inaendelea mwanamke anahitaji mtaji wa mboga wa kesho asubuhi. Chama kilimkubali bila hati. Dhamana yake ilikuwa ni wenzake wanaomjua, pamoja na daftari linaloonyesha kwamba hajawahi kukosa kulipa.

Jambo hili si geni kwetu wala halikuletwa na mfadhili. Bibi zetu walilimiana mashamba kwa zamu katika ngwatio huko Kenya ya Kati, katika mwethya Ukambani na katika saga upande wa Nyanza. Baada ya uhuru, vikundi vya wanawake mashambani vilichanga pesa kidogo kidogo na kuwaezekea wanachama nyumba kwa mabati, mmoja baada ya mwingine, hadi vikaitwa kwa jina hilo la mabati. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, baada ya muda kilipata viongozi Waafrika kwa sababu wanawake wenyewe walikwishajua kuendesha mikutano. Na Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, hakuanza na wataalamu wa misitu. Alianza na vikundi vya wanawake wa vijijini, akawafundisha kuotesha miche, na malipo madogo yaliyotolewa yalikuwa ni ya mche uliopona. Utaratibu huo uliheshimu kazi ya mwanamke na wakati huo huo ukamdai matokeo. Dunia ilipompa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ilikuwa inazituza pia bustani za miche zilizotunzwa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote ila katika daftari za vikundi vyao.

Hapa jijini kuna mfano ulio karibu zaidi. Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996, wakati wakazi wa vitongoji duni walipokuwa wakibomolewa nyumba bila notisi, na moja ya nguzo zake imekuwa ni vikundi vya akiba ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake. Watu walioshikamana kwa ajili ya akiba ndio hao hao walioweza kuhesabu nyumba, vyoo na vituo vya maji katika mitaa yao, wakaja na takwimu ambazo maafisa wa mipango hawakuwa nazo. Mtaa duni wa Mukuru ulipotangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi waliingia katika mazungumzo wakiwa na kumbukumbu zao mkononi. Sidhani kwamba hilo lingewezekana kama vikundi vile vingekuwa vimezoea kusubiri bahasha.

Narudi sasa kwa wanaotaka kutusaidia, na nianze na hazina za serikali, kwa sababu sizipingi. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 2007, hukopesha vikundi bila riba ila kwa ada ya utawala, na Hazina ya Uwezo iliyofuata pia hukopesha vikundi. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilifungua mlango kwa vikundi mwaka uliofuata. Zipo familia jijini zinazokula leo kutokana na mikopo hiyo. Kasoro ninayoiona ni kwamba kila tangazo la hazina mpya huzaa vikundi vipya ambavyo havikuwa na sababu ya kuzaliwa isipokuwa tangazo lile. Watu wasiojuana hukusanywa na mtu mmoja mjanja, hujiandikisha, hufungua akaunti, hupokea mkopo, huugawa siku hiyo hiyo, na baada ya miezi mitatu hakuna anayepokea simu ya mwenzake. Halafu takwimu za walioshindwa kulipa hutumiwa kutuhukumu sisi sote.

Pendekezo langu ni kwamba kiwango cha mkopo kifuate akiba ya kikundi chenyewe. Kikundi kilichoweka shilingi 200,000 za wanachama wake kwa mwaka mzima na kuzikopesha zikarudi kina haki ya kupewa mkopo mkubwa bila kuzungushwa. Kilichoanzishwa mwezi uliopita kipewe mafunzo ya kuweka hesabu na kiambiwe kirudi. Afisa anayetathmini aje mkutanoni afunue daftari, asiridhike na cheti na mihuri. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, usajili wetu una msingi wa kisheria badala ya kuendeshwa kwa taratibu za idara tu, nasi tunashukuru. Lakini cheti kinathibitisha tu kwamba kikundi kimeandikishwa. Kama kingali hai, ni daftari litakaloonyesha.

Naomba niseme pia kuhusu kampuni binafsi za mikopo midogo, maana hapa tumeumia. Kampuni moja ilikuja mtaani kwetu miaka michache iliyopita, ikawapanga wanawake katika makundi madogo na kuwakopesha kwa sharti kwamba mmoja akishindwa, wenzake walipe. Fomu zilikuwa za Kiingereza na zilitiwa sahihi wima, mlangoni, afisa akiwa na haraka ya kufika ploti nyingine. Mmoja wa wale wanawake alihama usiku kwenda mtaa usiojulikana. Wiki mbili baadaye vijana wa kampuni walichukua cherehani ya mama mwingine, ambaye alikuwa amemaliza kulipa deni lake lote, na kuipakia kwenye mkokoteni watoto wake wakitazama. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba. Mama huyo hakurudi kwenye chama chochote tena, wala simlaumu.

Kudhaminiana si kosa, kwa kuwa hata sisi hudhaminiana. Lakini katika chama mdhamini anamchagua anayemdhamini, anajua deni ni kiasi gani kila wiki kwa kuwa linasomwa mezani, na mwenye shida husikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Mfiwa huongezewa muda. Aliyeunguliwa na kibanda huchangiwa kwanza, deni lake likangoja. Na hapa Nairobi, ambapo moto wa Gikomba wa Juni 2018 uliua watu 15 na kuteketeza mali ya wafanyabiashara wengi, kuunguliwa ni jambo ambalo kila mchuuzi hulifikiria anapolala. Kampuni iliiga dhamana yetu ikaacha utu ulioishikilia. Sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika ilikusudiwa kumfungulia mlango mtu asiye na ardhi, ili cherehani, friji au bidhaa zake zimwezeshe kukopa. Basi anayekopeshwa aelezwe kwa lugha anayoielewa ni mali gani anayoiweka rehani na itachukuliwa lini. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba yetu. Sioni sababu ya mkataba wa mkopo wa shilingi 20,000 wa mama mboga kukosa nakala ya Kiswahili.

Kuhusu simu, nitasema kwa ufupi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilitupunguzia hatari ya kubeba pesa, na utafiti wa Tavneet Suri na William Jack uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba huduma hiyo iliwasaidia wanawake 185,000 kuhama kutoka kilimo cha kujikimu hadi biashara. Wakati wa korona mwaka 2020, mikutano ilipokatazwa, michango ya simu ndiyo iliyotubakisha hai. Ila vipo vyama vilivyoacha kukutana kabisa tangu wakati huo, vikabaki kuwa kundi la ujumbe wa simu tu, na ndani yake sasa mweka hazina mmoja anajua kila kitu na wengine hawajui lolote. Pesa itumwe kwa simu, sawa, lakini hesabu isomwe ana kwa ana.

Kuna mengine ambayo sisi wenyewe tunapaswa kuyarekebisha. Vyama vyetu huwaacha nje wanawake maskini kuliko wote. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh au Buruburu, ambaye siku nyingine hurudi bila kazi, hawezi kuahidi shilingi 200 kila wiki, na faini zetu humsukuma mlangoni kabla hajazoea. Kikundi chetu kilijadiliana juu ya hili kwa muda mrefu, tena kwa maneno makali, hadi tukakubaliana kuwa na hisa ndogo ya shilingi 50 ambayo mwanachama anaweza kuipandisha au kuishusha kulingana na wiki yake ilivyokuwa. Wengine walihofu kwamba tutakaribisha watu wasiolipa. Hadi leo wenye hisa ndogo ni miongoni mwa wanaofika mapema zaidi.

Lingine ni la nyumbani. Wapo waume wanaowatuma wake zao wakope, kisha pesa ikawa yao na deni likawa la mke. Tumejifunza kumwuliza mkopaji waziwazi biashara itasimamiwa na nani, na tumewahi kumkatalia mwanachama tuliyempenda kwa sababu machozi yalijibu kabla yake. Na upande wa pili, akiba iliyo nje ya nyumba imekuwa mara nyingine tofauti kati ya kuvumilia kipigo na kuondoka. Mwanamke mwenye pesa ya kodi ya mwezi mmoja na nauli, na wenzake 24 wanaojua anakoishi, hayuko peke yake usiku ule. Tunawapa wanachama wote nambari ya dharura ya dhuluma za kijinsia, 1195, ambayo haitozwi, na tunawaelekeza kwa mawakili wa FIDA, shirika ambalo limekuwa likiwatetea wanawake wa Kenya tangu 1985. Chama hakiwezi kuwa polisi wala mahakama. Kinaweza kuhakikisha kwamba mtu ana nauli ya kufika huko.

Katika jambo la ardhi nawaomba kina mama wenzangu tuwe macho zaidi. Chama kikishakusanya pesa ya maana, wauzaji wa ploti za Ruai, Kamulu na Joska hukinusa kutoka mbali. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikia ploti, upekuzi rasmi ufanyike katika afisi ya ardhi, na kwa mashamba yaliyo Nairobi mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, huwezesha upekuzi huo kufanywa kwa mtandao. Ardhi iandikwe kwa njia ambayo kila mwanachama anaweza kuithibitisha, wala isiandikwe kwa jina la mwenyekiti kwa ahadi kwamba itagawanywa baadaye.

Nabakiza ombi langu kwa wanasiasa, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Orodha ya chama si yetu kuitoa. Kila jina lililomo ni la mtu aliyetukabidhi kitambulisho chake kwa ajili ya akiba na mikopo tu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema wazi kwamba taarifa za mtu zisitumiwe kwa kusudi tofauti na lile lililozikusanya. Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi walishtuka kukuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa ambavyo hawakuwahi kuvijua. Siwezi kusema nambari hizo zilitoka wapi, lakini najua ni mara ngapi daftari letu limeombwa na watu wasio na haki ya kuligusa. Makatibu wenzangu, tukatae. Mwanachama anayetaka kumuunga mkono mgombea ana uhuru kamili wa kufanya hivyo kwa jina lake mwenyewe, jioni yake mwenyewe.

Na bahasha zenyewe zina madhara kuliko zinavyoonekana. Kikundi kimoja jirani kilipewa shilingi 50,000 baada ya kuketi juani tangu asubuhi kikimsubiri mgeni. Kwa kuwa pesa hiyo haikutoka mfukoni mwa yeyote, hakuna kanuni ya katiba yao iliyoihusu. Waliohudhuria walisema ni yao. Waliokuwa kazini siku hiyo walisema ni ya chama. Mwenyekiti alisema sehemu ilikwishatumika kwa usafiri. Waligombana kwa miezi miwili, na akiba yao wenyewe, ambayo ilikuwa imewachukua miaka kuijenga, ikagawanywa kwa hasira katika mkutano mmoja. Mgeni hakurudi, na huenda hadi leo anaamini kwamba aliwainua wanawake wale.

Anayetaka kweli kuwainua kina mama wa Nairobi ana kazi nyingi za kufanya ambazo hazihitaji bahasha. Katiba na sheria za ununuzi wa umma zimewezesha asilimia 30 ya zabuni za serikali kutengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ila vikundi vichache vya mtaani vinajua kujaza zabuni hizo, na vinavyopata huumia kwa kucheleweshewa malipo hadi mtaji unakauka. Mbunge au mwakilishi wadi anayefuatilia malipo ya kikundi kilichokwisha kusambaza bidhaa amefanya kubwa kuliko aliyegawa leso. Maafisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo ni wachache mno kwa mitaa yetu, na wengi hulipa nauli kutoka mifukoni mwao ili wafike mikutanoni. Waongezwe, na wawezeshwe. Serikali ya Kaunti nayo ina kumbi za kijamii, kama ule wa Kaloleni, katika mitaa kadhaa ya zamani, ilhali mitaa yenye watu wengi kama Kayole, Dandora na Mukuru ina mahali pachache sana ambapo wanawake 25 wanaweza kuketi na kuhesabu pesa zao bila kusikika na ploti nzima. Naomba kumbi zilizopo zifunguliwe Jumapili alasiri kwa vikundi vilivyosajiliwa, bila ada au kwa ada ndogo, na bajeti ijayo ya kaunti itenge pesa za kujenga nyingine upande huu wa mashariki ya jiji, ambako tunaishi tukibanana.

Katibu wa kikundi cha wanawake,
Kayole, Nairobi